Shavu Moja la Hosea Bramhall

Hosea Bramhall alikufa akiwa amenyoa shavu moja tu, na kijiji kizima cha Wexcombe kilikuwa kimeshajua maana yake kabla konstebo hajavuka kizingiti.

Jumatano ile ilikuwa siku ya mfungo. Ukame ulikuwa umekausha mahindi tangu mwanzo wa Julai, na serikali ya koloni ikatangaza siku ya kufunga na kuomba hadharani, kama ilivyotangaza kila palipozuka ndui, viwavi au vita. Watu walikaa ndani ya nyumba ya ibada tangu asubuhi, matumbo yakinguruma, wanaume upande huu na wanawake upande ule. Hakuna aliyepika wala aliyegusa kazi. Mtu anayeshika wembe siku kama hiyo amejitakia mwenyewe, walisema. Kwamba Mungu aliamua kuutumia mkono wa yule Mskoti mchunga ng'ombe, hilo lilikuwa jambo la mahakimu wa Boston.

Konstebo huyo aliitwa Eliab Gannett. Alikuwa mshona viatu, na ukonstebo alitwishwa kwa kura ya mwaka mmoja ambayo wenzake wajanja walijua namna ya kuikwepa. Aliegemeza fimbo yake nyeusi ya cheo ukutani, akapiga goti kando ya maiti.

Hosea alilala kifudifudi chini ya dirisha. Karibu naye kulikuwa na kiti kilichopinduka, wembe, na bakuli la maji lenye povu lililogandia ukingoni. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Chini ya meza Eliab aliiona nyundo ya mti ambayo marehemu, aliyekuwa mtengeneza ngozi, aliitumia kupondea magome ya mwaloni. Alimgeuza kidogo. Mwili ulikuwa umekakamaa kama ubao. Shavu la kulia lilikuwa laini kabisa, la kushoto lilikuwa na ndevu za tangu Jumamosi, na sabuni iliyokauka juu yake ilikuwa imepasuka vipande vipande.

"Siku ya mfungo, Ndugu Eliab," alisema Mchungaji Wadlow kutoka mlangoni, leso puani. "Sisi tunalia mbele za Bwana, yeye anajipamba."

Eliab aliitikia kwa kichwa, kisha akaenda kwenye meko. Alikunja mkono wa shati akaingiza kiganja ndani ya majivu mpaka vidole vikagusa mawe. Majivu yalikuwa baridi juu, baridi katikati, baridi chini. Hayakuwa yamekusanywa kichuguu kama kila mwenye nyumba afanyavyo kabla ya kulala ili makaa yaamke naye asubuhi. Yalikuwa yametapakaa tu, na ncha mbili za gogo zilikuwa zimebaki kila upande, moto umekula katikati ukaishia hapo.

Mchungaji alimuuliza kwa nini anachezea majivu na mtu amelala pale na kichwa wazi. Eliab alijibu kwamba alitaka kujua kama kulikuwa na maji ya moto. Kisha akauliza nani alimwona Hosea mara ya mwisho akiwa hai.

Hilo kila mtu alilijua. Hosea alikuwa na mguu mbovu, na kila siku ya ibada jirani yake Shubael Coit alimpitia na sleji, gari lisilo na magurudumu lenye kukokotwa na ng'ombe, ili ampeleke. Asubuhi ile pia alimpitia. Akakuta mguu umevimba na mwenyewe hawezi kukanyaga, akaja kulieleza kanisa, na kanisa likamwombea Hosea kwa jina lake, mara mbili, kwamba Bwana amnyooshe mguu.

"Tulimwombea vizuri kabisa," alisema mchungaji kwa uchungu, kama mtu aliyetapeliwa.

Habari za Mskoti nazo zilijulikana. Aliitwa Malise Muir, kijana aliyetekwa vitani kwao, akauzwa ng'ambo ya bahari atumike miaka kadhaa bila ujira, na Wexcombe ilimfanya mchunga ng'ombe. Kwa kuwa ng'ombe hawafungi, siku ya mfungo yeye peke yake aliruhusiwa kuwa nje. Alasiri alitoka mbio uani kwa Hosea, akaisukuma milango ya nyumba ya ibada katikati ya sala. Hakumaliza hata sentensi yake, wanaume walishamlalia. Wiki iliyopita Hosea alikuwa amemchapa bakora kwa kuwaacha ng'ombe wanywe kwenye bwawa lake, na Malise, mwenye damu ya kunguni na asiyejua kunyamaza, alisema mbele ya watu kwamba maji yale yatamkaba Hosea kooni.

Sasa alikuwa amefungiwa chini ya sakafu ya Eliab mwenyewe, ghalani pamoja na maboga, maana Wexcombe haikuwa na jela. Kesho adhuhuri wanamgambo wangempeleka Boston. Eliab aliwahi kuona kesi za Boston. Mtumwa wa mkataba, mgeni, asiye na shahidi hata mmoja, asingemaliza mwezi kabla ya kupanda ngazi ya kunyongwa. Jambo hilo lilimkereketa, kwa sababu viganja vya kijana yule alivitazama mwenyewe alipomfunga, na havikuwa na hata tone la damu.

Jua lilipozama mfungo ulikwisha, na dohani za kijiji zikaanza kutoa moshi moja baada ya nyingine. Eliab alirudi nyumbani akamkuta mkewe Desire anaosha ndoo kwa hasira. Alikuwa ametoka kumkamua ng'ombe wa Hosea, maana mnyama alikuwa akilia mpaka kijiji kikakosa raha, na wengine wote waliogopa kuingia uani.

"Kiwele kama jiwe," alisema. "Nilipomgusa alitaka kuniua. Na maziwa yenyewe yametoka mabonge, nimeyamwaga."

"Hakukamuliwa asubuhi."

"Asubuhi? Baba, mimi nimekamua ng'ombe tangu sina meno ya mbele. Akikosa asubuhi tu hawi vile. Huyu hajaguswa tangu jana asubuhi."

Eliab aliketi. Desire alimwekea uji wa mahindi na kipande cha samaki mkavu, naye akala polepole bila kuonja. Kisha akamuuliza anafikiri nini kuhusu Hosea kunyoa siku ya mfungo. Desire aliangua kicheko kifupi, akajifunika mdomo kwa aibu ya marehemu.

"Hosea? Aliyemshitaki mtoto wa dada yake kwa kupiga mluzi siku ya Bwana? Yule angenyoa siku ya mfungo ungeniona mimi nimepanda mimbari. Ananyoa Jumamosi, jua lingali juu, dirishani, ili wapita njia wote waone kwamba yeye amewahi. Ikiwa ni mfungo, ananyoa jioni ya kuamkia. Siku inaanza jua likizama, hilo hata kuku wetu wanalijua."

"Kwa hiyo jana jioni."

"Mimi sijasema kitu," alisema Desire, akachukua bakuli lake. "Wewe ndiye konstebo."

Alimpelekea Malise uji, akaketi juu ya boga kubwa akamwangalia anavyokula. Kijana naye alikuwa amefunga siku nzima. Kwao Uskoti pia walifunga, alisema, tena walifunga vibaya zaidi, wakiwa wamesimama. Eliab alimwambia aeleze tena, tangu Jumanne.

Malise alieleza. Jumanne jioni aliwarudisha ng'ombe kutoka malishoni kama kawaida, akigonga geti moja baada ya jingine, kila mama akitoka na ndoo yake kupokea mnyama wake. Kwa Hosea ndiyo nyumba ya mwisho juu kule. Geti lilikuwa wazi, mwenyewe hakutoka. Malise alimswaga ng'ombe uani akageuka, maana mgongo bado ulikuwa unamwuma bakora na hakuwa na hamu ya mazungumzo. Asubuhi ya Jumatano ng'ombe wa Hosea hakutolewa nje, na Malise hakuingia uani mpaka alasiri, aliposikia mnyama analia. Mpaka hapo alidhani mzee ameamua kumfungisha na ng'ombe.

"Usifanye mzaha mbele ya mahakimu," alisema Eliab.

"Si mzaha, bwana konstebo. Ndivyo nilivyodhani. Mzee yule angeweza."

"Ulipofika kwa Hosea, jua lilikuwa wapi?"

"Limeshagusa miti. Nilitoka kwako kwanza. Mama alinigombeza kwamba ng'ombe wako ana kupe."

Eliab alikumbuka. Yeye mwenyewe alikuwa mlangoni na kiatu mkononi. Wanawake wote wa Wexcombe walimwona Malise Muir jioni ya Jumanne, geti kwa geti, kutoka bondeni mpaka juu. Kama Hosea aliuawa Jumatano, kijana alikuwa peke yake nje na hana pa kujitetea. Kama aliuawa Jumanne jua lingali juu, kijana akiwa bado geti kwa geti, basi shahidi wake alikuwa kijiji kizima.

"Nitanyongwa?" Malise aliuliza.

"Sijui," alisema Eliab. "Kula."

Alhamisi asubuhi, umande ukiwa bado chini, Eliab alipanda bwawani. Hapa ndipo ugomvi wa kiangazi kizima ulipolala. Hosea alikuwa ameziba kijito juu ya kijiji ili mashimo yake ya ngozi yasikauke, na ukame ulipozidi hakulegeza hata ubao mmoja. Alikuwa mkono wa birika hata kwa maji yasiyokuwa yake. Shamba la kwanza chini ya bwawa lilikuwa la Shubael Coit, na mahindi yake yalikuwa yamejikunja majani kama tumbaku.

Lakini jana, saa ya mapumziko ya adhuhuri, watu walipotoka nje ya nyumba ya ibada kunyoosha miguu, mwanamke mmoja alipiga yowe. Ulimi wa maji ulikuwa unateremka katika mkondo mkavu wa kijito, unasukuma majani makavu mbele yake. Kijiji kizima kilipiga magoti kwenye kokoto. Wazee walilia. Shubael, mwongoza zaburi wao, ndiye aliyeanzisha wimbo, na sauti yake ilitetemeka hata watu wakazidi kulia. Leo kungekuwa na ibada ya shukrani kwa maji hayo.

Lango la bwawa lilikuwa limenyanyuliwa juu kabisa, na kigingi kimepigwa chini yake barabara. Maji yalikuwa yameshuka nusu. Tope la ukingo wa juu lilikuwa limeshakauka likaanza kufanya nyufa, tope la chini bado linang'aa. Eliab aliketi kwenye ukuta akavua kofia. Maji yaliyofunguliwa hapa yangeingia katika mchanga ulio mkavu wa wiki tatu. Yangelowesha kwanza shamba la kwanza, yajaze kila shimo njiani, ndipo yafike kijijini. Usiku kucha na asubuhi nzima yangekuwa safarini.

Alijisikia vibaya, tena vibaya sana. Shubael ndiye aliyeimba kwenye mazishi ya binti yake mdogo, mvua ikinyesha, wengine wote wameshakimbilia chini ya miti. Alikaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kisha akashuka kumtafuta Peleg Sprague, mlinzi wa ibada, mzee mwenye fimbo ndefu ya kuwachomea wasinziaji. Siku za mfungo Peleg alikuwa na kazi nyingine. Kila sala moja ilipokwisha alitoka, akapanda kilima kidogo nyuma ya makaburi, akahesabu dohani kuona nani anapika kwa siri. Eliab alimwuliza swali moja, akapata jibu lake, akamwomba aje naye.

Mchungaji Wadlow alikuwa peke yake mbele ya mimbari, anapitia mahubiri ya shukrani. Eliab alimweleza yote akiwa amesimama. Mchungaji alimsikiliza mpaka mwisho, na uso ulikuwa ukimbadilika pole pole, kutoka mashaka hadi hofu.

"Watu wale walipiga magoti, Eliab," alisema hatimaye. "Wapo waliokuwa hawajaomba kwa moyo miaka mingi. Unataka nisimame pale niwaambie walishukuru nini?"

"Sijui utawaambia nini, mchungaji."

"Haiwezi kungoja? Tushukuru kwanza leo. Kesho..."

"Mskoti anaondoka adhuhuri."

Mchungaji alizifunga karatasi zake. Alionekana mzee ghafla, na Eliab alimwonea huruma, lakini hakuketi.

Shubael aliingia wa kwanza kama kawaida yake, kitabu cha zaburi kwapani, mtu mrefu mwenye mabega ya mkulima na macho mekundu ya kukosa usingizi. Aliwakuta watatu wanamngoja. Eliab alimwambia ana maneno machache ya kuandikia Boston, si marefu, na Shubael akaketi kwenye benchi lake la mbele.

"Jana asubuhi ulipompitia Hosea, alikuwa ameshanyoa?"

Shubael alifikiri. "Hapana. Alikuwa na ndevu zake zote."

"Ulimkuta kitandani?"

"Kitini. Mguu juu ya kigoda, karibu na moto. Alikuwa na maumivu, maskini."

"Moto ulikuwepo."

"Ulikuwepo. Aliniomba nimwongezee gogo, nikamwongezea." Alimtazama mchungaji. "Mgonjwa anaruhusiwa moto. Sikuona kama nimevunja mfungo."

"Hujavunja," alisema mchungaji kwa sauti ndogo.

"Gogo gani?" aliuliza Eliab.

"La mwaloni. La kumfikisha jioni, ili asihangaike."

Eliab aliinamisha kichwa. Alikuwa ametamani Shubael aseme hakukuwa na moto. Alimgeukia Peleg akamwomba arudie aliyomwambia.

"Nilitoka baada ya kila sala," alisema Peleg. "Sikuona moshi Wexcombe nzima. Hata kwa mjane Thrale, mwenye ruhusa."

"Na kwa Hosea?"

"Kwa Hosea ndiko nilikotazama zaidi. Mtu yule amenishitaki mara tatu kwamba nasinzia kazini. Dohani yake ingetoa hata uzi wa moshi, mngenisikia kutoka kilimani."

"Macho yako ya zamani, Mzee Peleg," alisema Shubael, akajaribu kutabasamu. "Kuni kavu hazina moshi."

"Mimi sina macho ya zamani. Nina mikono," alisema Eliab. "Niliiingiza kwenye majivu yake alasiri, mpaka chini. Gogo la kumfikisha jioni, na hakuna hata cheche. Moto ule haukufukiwa usiku wa Jumanne, ulijifia wenyewe. Ng'ombe hakukamuliwa Jumanne jioni. Na Hosea Bramhall hangeshika wembe jua likishazama, hata kama ungemshikia bastola. Alikuwa ananyoa Jumanne, jua lingali juu, na hakumaliza shavu la pili. Sasa niambie, Shubael. Jana asubuhi uliongea na nani?"

Nje sauti za watu wa kwanza zilisikika, wanawake wanacheka, ndoo zinagongana. Walikuwa wanapitia kijitoni kwanza kabla ya ibada. Shubael alikiweka kitabu cha zaburi kwenye benchi, akakisogeza mbali naye kidogo.

"Nilimwomba maji," alisema.

Mchungaji aliziweka karatasi zake chini.

"Sikwenda kwa shari. Nilimwambia, mwaga mara moja tu, mahindi yangu yana siku mbili za uhai. Nina watoto wanne. Ananyoa. Hakugeuka hata. Akasema kesho tunafunga, tumwachie Bwana kwanza, nikiwa na haraka kuliko Bwana basi imani yangu ina mushkeli. Akasema, Bwana asipojibu, yeye atafikiria." Shubael aliitazama mikono yake kama si yake. "Atafikiria, Eliab. Bwana asipoweza, yeye atafikiria."

"Ukaichukua nyundo."

"Ilikuwa mezani. Sikumbuki kuichukua. Nakumbuka nikiwa bwawani napiga kigingi kwa jiwe."

"Na ukaja hapa ukatuambia tumwombee mguu," alisema mchungaji. Hilo ndilo lililoonekana kumwumiza kuliko yote.

"Nilitaka kuungama. Nilikaa hapa siku nzima nikisema sala hii ikiisha nasimama. Adhuhuri maji yakaja." Alionyesha mlango kwa kidevu. "Mlipiga magoti wote. Ningesimamaje?"

"Na Mskoti?" Eliab aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepanda, naye hakuishusha. "Walipomtupa chini pale mlangoni, wewe ulikuwa umesimama hatua mbili kutoka kwake. Alikupigia kelele wewe, Shubael, kwa jina, kwamba ni jirani yako kauawa. Ukatazama pembeni."

Shubael alisimama akanyoosha mikono, na Eliab alimfunga kamba ileile aliyoifungua kwa Malise usiku ili kijana apate kulala. Alimfunga bila kukaza sana. Walipofika mlangoni Shubael alisita.

"Mahindi yangu," alisema. "Uliyapita leo asubuhi. Yamenyanyua majani?"

Eliab alitaka kunyamaza, lakini hakuweza. "Yamenyanyua," alisema.

Mchungaji Wadlow alitoka nje badala ya kungoja watu waingie, akawaambia hapohapo, kando ya kijito, kwa maneno machache, bila kumtaja Mungu hata mara moja. Hakukuwa na kelele. Mke wa Shubael alichukuliwa na wanawake wawili. Waliokuwa wamejaza ndoo waliziinamisha wakayarudisha maji mtoni, na wengine wakabaki wamesimama na ndoo tupu, midomo imekauka, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuchota. Mtu mmoja aliuliza kama lango lifungwe tena. Mwingine aliuliza kama itabidi kufunga siku nyingine, kutubia shukrani za jana. Mchungaji alisema ndiyo, Jumatano ijayo, na watu wakaitikia kwa vichwa kwa sababu hilo angalau walijua namna ya kulifanya.

Eliab aliteremka nyumbani akafungua mlango wa ghala. Malise alipanda ngazi akikodoa macho kwenye mwanga, mabua ya majani yamemganda nywele, alama za kamba bado mikononi. Alimtazama konstebo, akatazama nyuma yake kama kuna wanamgambo, hakuna.

"Nenda," alisema Eliab. "Si wewe."

Eliab alidhani kijana atalia au atatukana, na vyote viwili angevistahili.

"Ng'ombe wamekunywa?" Malise aliuliza.

Hawakuwa wamekunywa. Hakuna aliyewakumbuka. Malise alikwenda kuwafungua geti kwa geti, safari hii akianzia juu, kwa Hosea, na akawateremsha wote mpaka kijitoni, katikati ya watu waliokuwa bado wamesimama na ndoo zao. Watu wakampisha. Ng'ombe wa Hosea ndiye aliyetia mdomo kwanza, na wengine wakamfuata, wakanywa kwa sauti. Malise alipiga goti kati yao, akaosha mikono mahali palipochubuliwa na kamba, kisha akakinga viganja akanywa na yeye, mara tatu, taratibu, kama mtu mwenye kiu ya siku nzima.

Alipoinuka, alikuta ndoo iko mbele yake. Desire Gannett alikuwa amemnyooshea. Malise aliichukua, akaijaza, akamrudishia. Desire aliipokea kwa mikono miwili, akaitua chini, akashika nyingine.